Jana ya Mable

Mable alikuwa na miaka mitatu na nusu, na kwake kila kilichopita kilikuwa jana. Jana alizaliwa. Jana walipanda milimani Werugha kwa nyanya wakanywa maziwa ya ng'ombe mwekundu, ingawa safari hiyo ilikuwa ya Krismasi na sasa ni Agosti. Mama yake, Wakesho, alikuwa akiwasimulia majirani maneno hayo, nao wote wakicheka hadi kushika mbavu.

Wakesho alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja pale Voi. Mumewe, Josephat, alikuwa gadi wa treni, mtu wa kulala leo Mombasa, kesho Makindu. Kwa hivyo mtoto alishinda na yaya, msichana wa Kikamba aitwaye Nzembi, aliyeanza kazi kwao Januari. Alikuwa mpole, na Mable alimpenda. Alimpenda mno, kwa kweli. Wiki ile alikuwa ameanza kumwita mama, na neno hilo lilikuwa limemkwama Wakesho kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni moja Wakesho alikuwa akimvua mtoto viatu. Mable akasema, bila kulia wala kununa, "Jana nilifungiwa ndani. Nikalia, nikalia, hakuna mtu."

Wakesho akamwuliza ni nani aliyemfungia. Mtoto akatazama mlango, akatazama jikoni ambako Nzembi alikuwa akisonga sima, kisha akarudi kuchezea kamba ya kiatu. Jicho alilolitupa jikoni lilimtosha mama. Hakukumbuka ng'ombe mwekundu wa Werugha. Hakukumbuka vicheko.

Nzembi alikana. Alisema hajawahi kumwacha mtoto peke yake hata dakika moja. Wakesho hakumsikiliza, alimwambia afungashe nguo zake, na asubuhi msichana akaondoka na mfuko wake huku Mable akimlilia dirishani. Jirani yao Priscilla, mwalimu aliyekuwa karibu kujifungua, aliposikia Nzembi hana kazi alitaka kumchukua yeye. Wakesho akamwonya kwa nia njema kabisa: yule hufungia watoto ndani akaenda zake. Priscilla akaachana naye.

Zikapita wiki kadhaa. Jumapili moja mchana, wingu ambalo halikutarajiwa likashuka kutoka upande wa Sagalla na mvua ikaanza kupiga mabati kwa kishindo. Wakesho alikuwa akipakua chakula. Mable akatupa mwanasesere wake, akakimbilia mlangoni, akashika komeo kwa mikono yote miwili.

"Mama, usinifungie tena," alisema. "Jana mvua ilikuwa hivi hivi."

Wakesho akasimama na mwiko mkononi. Mvua ya mwisho kubwa hivyo ilikuwa ya Novemba iliyopita, wakati yaya wa kwanza alikuwa ameshaondoka na Nzembi bado hajajulikana hapo nyumbani. Jumamosi ile mtoto alikuwa amelala, na yeye akapiga kufuli akakimbia kwa fundi cherehani kujaribu gauni la harusi ya binamu yake. Alisema ni kwenda na kurudi. Mvua ikamkuta huko. Angeweza kurudi akilowa, lakini gauni lilikuwa jipya, fundi alikuwa amemimina chai, na mazungumzo yalikuwa matamu. Aliporudi alimkuta mtoto ameketi nyuma ya mlango, amejikojolea, sauti imemkauka. Alimwogesha, akampa uji wenye sukari nyingi, na hakumwambia mtu yeyote, hata Josephat. Baadaye alijiaminisha kwamba mtoto mdogo vile hawezi kukumbuka.

Josephat aliporudi kutoka kazini, Wakesho alimweleza yote. Alitamani mumewe amkemee. Josephat akasema tu kwamba anayepaswa kuambiwa hayo si yeye.

Jumamosi Wakesho akaenda Mwatate. Alimkuta Nzembi kwenye kibanda cha shangazi yake sokoni, akikaanga mandazi. Nzembi alimkaribisha kwa heshima, akamfutia benchi. Njiani Wakesho alikuwa amejitungia namna ya kusema iliyo laini, na ndiyo aliyoanza nayo: kwamba mtoto alichanganya siku, si unajua watoto, kumbe lile jambo lilikuwa la zamani, kabla yako.

Nzembi akageuza mandazi. "Basi ni nani alimfungia, mama Mable?"

Mafuta yakachemka. Wakesho aliona uso ukimwaka moto, na moto huo haukutoka kwenye jiko.

"Ni mimi," alisema.

Nzembi hakumtazama. "Mtoto ulimwuliza," akasema polepole. "Mimi uliniambia nifungashe nguo."

Wakesho akaomba msamaha, akamsihi arudi, mshahara atamwongezea. Nzembi akakataa. Alitaka jambo moja tu: mama Mable amwambie Mwalimu Priscilla maneno yale yale, kwa kinywa chake, bila kumsingizia mtoto.

Alimwambia jioni hiyo hiyo, amesimama mlangoni pa Priscilla aliyekuwa akinyonyesha. Priscilla alimsikiliza mpaka mwisho na hakumkaribisha kiti.

Mwezi uliofuata Nzembi akaja kufanya kazi nyumba ya pili, kwa Priscilla. Kila asubuhi Wakesho alipotoka kwenda ofisini alimkuta akianika nepi kwenye kamba. Nzembi alimwamkia vizuri, "Shikamoo, mama Mable," wala sauti yake haikuwa na uchungu. Lakini mlango wa Wakesho hakuuingia tena. Mable ndiye aliyepita chini ya ua kumfuata, akirudi jioni ananukia poda ya kitoto kichanga cha Mwalimu.

Mwaka mpya Mable akaanza shule ya chekechea. Kabla ya mvua za masika alikuwa ameshajua kupambanua jana na juzi, na akaringia sana ujuzi huo. Siku moja Wakesho, akiwa na woga, alimwuliza kama anaikumbuka ile siku ya mvua, alipofungiwa ndani. Mtoto akafikiri, akatikisa kichwa, akauliza ilikuwa lini.

Wakesho akamwambia kwamba ilikuwa Novemba, kabla Nzembi hajaja, na kwamba aliyefunga alikuwa mama. Mable akaitikia "aa," akaomba ruhusa aende nyumba ya pili kucheza.