Kadi Haipo Kabatini

Fundi cherehani alipekua kabati, akamwaga kopo la vifungo, akainua hata godoro. Kadi ya kliniki ya mtoto wake haikuwepo, na alishajua nani kaichukua. Mama mkwe, si mwingine. Ukoo mzima humwita Bibi Sambaza, maana kwenye kundi lao la simu hakuna video inayomfikia akaiacha ilale.

Ndiye aliyeleta ile ya jamaa wa koti jeupe, anayeapa kwamba chanjo ya surua inawafunga watoto ulimi, wasiseme maisha yao yote. Jamaa mwenyewe nani? Daktari wa wapi? Wala hakuna aliyeuliza! Mawifi walilaani chanjo, na fundi naye akaandika kwamba wake haguswi na sindano. Mama mkwe akamrushia vidole gumba vitatu.

Sasa surua imeingia nyumba ya pili, mtoto wa jirani kalazwa, macho hayafumbuki, na wa kwake ndiyo kwanza ana miezi tisa. Fundi alimdanganya mama mkwe kwamba anampelekea mteja nguo, akambeba mtoto mgongoni, akatoka mbio bila kadi.

Kliniki, nesi alimwangalia mtoto, akafungua daftari, akacheka. Huyu alishachanjwa Jumatatu. Bibi yake ndiye aliyemleta, kajitanda mtandio hadi puani.

Jumatatu! Siku aliyokwenda fundi kununua zipu. Akakaa kwenye benchi, akalia na kucheka kwa mpigo. Siku nzima alikuwa amemnunia yule mama bure.

Nyumbani alimkuta anakunja nguo, akamkumbatia. Mama mkwe akaelewa, akaitoa kadi chini ya mto wake.

"Nilijua utanizuia, mwanangu. Si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika kwa kukuogopa wewe, Mama."

Mama mkwe akamsihi asimtaje kundini, atauweka wapi uso wake. Basi fundi akaandika kwa jina lake tu: wangu kachanjwa, mzima, kelele zake zilezile. Kisha simu ikaanza kutetemeka mezani, mawifi wanamwandikia pembeni mmoja mmoja: hata wa kwao walishachanjwa zamani, ila tafadhali, Bibi Sambaza asijue.