Muuza Mikate na Gari la Waliochoka

Muuza mikate alikuwa amemwapia shemeji yake kwamba atamaliza mbio za baiskeli bila kubebwa na mtu. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Wewe utarudi umepakiwa kwenye gari la waliochoka, kama gunia!"

Kweli, alipofika mtaa wa wateja wake, wenzake wote walikuwa wameshampotea machoni, na gari lile lilikuwa likimnyemelea nyuma. Hapo mazoea yakamponza. Alipouona mlango wa bibi mmoja, mteja wake wa kila asubuhi, mkono ulipiga kengele wenyewe na breki zikashika.

Bibi akatoka na kikapu. "Mkate wangu uko wapi?"

"Bibi, leo niko mashindanoni!"

"Mashindano gani, na uko peke yako?"

Dereva wa gari akashuka, akamfungulia mlango. "Kaka, panda tu. Umeshachoka."

Muuza mikate alikaribia kulia. Bibi akamtazama usoni, akaelewa. Akaenda kusimama mbele ya gari. "Mjukuu wangu hapandi. Na wewe, nani kakufundisha kuegesha mlangoni kwa watu?"

Dereva alipomaliza kuomba radhi, baiskeli ilikuwa imeshapinda kona.

Kwenye utepe wa mwisho, shemeji alikuwa akimsubiri. "Umekuwa wa mwisho, shem!"

Muuza mikate, huku akihema, akageuka na kumwonyesha gari lililokuwa ndiyo kwanza linaingia. "Wa mwisho yule pale. Nenda kampe pole."