Wachezaji wa Kuazima

Kabla sijaanza, mjue kwamba Kolby Wasylenko ni mjukuu wangu, kwa hiyo anayetaka hadithi isiyo na upendeleo akaulize kwingine. Kwa misimu minne nimekuwa karani wa timu ya vijana ya Dunmarrow, wale wanaojiita Nyegere. Nimekaa nyuma ya wavu kwenye kiti changu cha kukunja, nimeandika kila mpira uliorushwa, na najua nani alikuwapo uwanjani na nani hakuwapo. Kamati mtakayoisikia hapa haikuwapo.

Msimu wa kwanza tulifungwa mechi zote kumi na nane. Vijana wenyewe walikuwa masalia ya hoki: kila aliyekataliwa na timu ya barafu, kocha Lyle Pruden alimpa glavu na kumwambia aje kucheza mpira wa kasi, ule ambao mmoja anarusha na mwingine anapiga kwa gongo. Uwanja ulikuwa na mashimo ya panya mengi kuliko watazamaji. Kule kituo cha mafuta, ambako wanaume wa mji hukutana kila asubuhi kunywa kahawa na kuusimulia upya ushindi wao wa mwaka themanini na nne, Nyegere walikuwa kichekesho cha kudumu. Murray Stubbs, muuza matrekta, ndiye aliyekuwa fundi wa kejeli.

"Lyle, hao vijana wako hata ukiwarushia ng'ombe watamkosa."

Msimu wa tatu mrushaji wetu, Ryker Haugen, akarefuka. Sijui mama yake alimlisha nini, lakini mkono wake ulianza kuzunguka chini ya nyonga na kuachia mpira ambao ulimfikia mpigaji ukiwa unapanda, na mpigaji akabaki amechapa hewa. Tabu ilikuwa kuudaka, kazi ya yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Katika mji mzima aliyeweza ni Kolby peke yake. Tangu msimu wa kwanza, kila majira ya baridi wawili hao walijifungia kwenye banda la trekta la marehemu mume wangu, nje baridi ya kugandisha kope, Kolby amechuchumaa, Ryker anarusha. Nilisikia vishindo vya mpira nikiwa jikoni, miezi mitano kila mwaka. Kolby alivunjika vidole viwili, vikaunga vibaya, na hakukosa hata siku moja.

Kupiga, hajui. Nasema mimi bibi yake. Umwekee mpira juu ya meza, atavunja meza.

Msimu wa nne, Julai, Nyegere wakawa mabingwa wa mkoa wetu, Saskatchewan. Hapo ndipo mji mzima ukagundua kwamba ulikuwa ukiwapenda tangu zamani. Meya alitoa hotuba na kumwita Ryker kwa jina la kaka yake mwanzo hadi mwisho. Bango likatundikwa barabara kuu. Wale wa kahawa wakaunda kamati, wakashonesha kofia zao kwanza na za wachezaji baadaye, na Murray akawa mwenyekiti kwa sababu basi lilikuwa lake.

Sasa, kwetu huku kuna desturi. Timu inayokwenda mashindano ya taifa inaruhusiwa kuazima wachezaji watatu kutoka timu ilizozifunga mkoani. Kocha mwenye akili huazima mrushaji wa akiba, basi. Murray alipoambiwa watatu, akataka watatu. Na kwa kuwa kikosi kilikuwa kimejaa, wakiingia watatu wanatoka watatu.

Waliotoka walitajwa mbele ya timu nzima, kwenye mabenchi, baada ya mazoezi. Wa tatu alikuwa Kolby. Nafasi yake alipewa Brecken, mdakaji kutoka mji wa Regina, kijana mwenye meno mazuri aliyejua kupeleka mpira mpaka shamba la jirani.

"Kolby, mwanangu, tunakushukuru sana," Murray akasema. "Lakini hatukuachi. Utakuja nasi umpashe Ryker misuli kabla ya mechi. Hata jezi tutakupa."

"Yenye namba?"

"Namba za nini tena? Wewe huchezi."

Kolby alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka unaofuata umri ungekuwa umempita, na mashindano ya taifa ya vijana hayana mlango wa nyuma. Hakubishana. Alimtazama Lyle, na Lyle akatazama viatu. Akamtazama Ryker. Ryker alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, anatema maganda, anatafuna, anatema. Neno moja tu la Ryker lingetosha, kwa maana kamati ilikuwa ikimbeba kama yai. Hakulitoa.

Nyumbani Kolby alikula pirogi kumi na moja, vile viandazi vyangu vya kuchemsha vya viazi.

"Bibi," akasema mwishowe, "miaka minne."

"Najua."

"Ryker hata kuguna hakuguna."

Roho iliniuma, sitaficha. Nikafanya nifanyacho nikiwa na hasira: nikavaa miwani. Kitabu cha kanuni kilikuwa kwangu, kwa sababu kamati nzima hakuna aliyewahi kukifungua. Kilisema wazi kwamba mchezaji aliyeachwa rasmi kabla ya tarehe mosi Agosti ni huru, na timu yoyote iliyoingia mashindano inaweza kumwazima. Barua za kuwaacha wale watatu Murray alikwisha kuzituma, haraka haraka, na sahihi kubwa kama jina la duka. Na mwaka ule wenyeji wa mashindano walikuwa Orlick, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwetu, watu walioingia kwa sababu tu uwanja ni wao. Julai tuliwapiga kumi na moja kwa bila.

Nikampigia simu kocha wao.

"Anapiga vipi huyo mjukuu wako?"

"Vibaya mno."

"Sasa mama, mimi nimfanyie nini?"

"Amemdaka Ryker Haugen miaka minne."

Nikasikia anavuta kiti.

"Mlete leo."

Habari zilipofika kituo cha mafuta, Murray alicheka hadi akapaliwa na kahawa. "Bi Nettie, asante kwa kutupunguzia mzigo! Wameazima gongo lenye tundu!"

Nusu fainali ikatukutanisha sisi na Orlick, Jumamosi adhuhuri, jua la kuchoma shingo. Dunmarrow nzima ilihamia kule na kofia zake. Mimi nilikaa kwenye kiti changu na daftari la Nyegere mapajani, kwa sababu kazi ni kazi.

Niseme haki yake Brecken: awamu ya pili aliupeleka mpira nje ya uzio, tukaongoza moja kwa bila, na Murray akanigeukia kwa mikono miwili juu. Ila kuudaka mpira wa Ryker unaopanda, Brecken hakuweza. Ulimgonga bega, ulimgonga kifua, ulimpita kichwani. Kufikia awamu ya tano alikuwa ameacha kuuomba, na Ryker akabaki kutegemea ule mwingine, wa polepole, unaomdanganya mpigaji kwa kuchelewa.

Awamu ya saba, ya mwisho, Orlick wanapiga. Wawili wametoka, kabaki mmoja mchezo uishe. Besi mbili, vile vituo vya kukimbilia, zina watu: mmoja alipewa bure kwa mirusho mibaya ya Ryker, mwingine alikuwa amekwisha kosa mara tatu, alipaswa kutoka, lakini Brecken akauangusha mpira na jamaa akatimka. Akaingia Kolby na gongo. Siku hiyo alikuwa ameingia kupiga mara mbili, na mara zote mbili hakugusa kitu.

"Huyu ni wa bure!" Murray akapaza sauti. "Ryker, mpe upepo apunge!"

Watu wakacheka. Watu waliokula mezani kwangu.

Mpira wa kwanza, hewa. Wa pili, hewa. Kosa moja zaidi na mchezo umekwisha. Nilijikuta nimeikaba kalamu kama shingo ya kuku. Ryker akafuta kiganja pajani, mara mbili, akazungusha mkono. Kolby akarudi nyuma nusu hatua, akangoja. Akangoja zaidi. Kisha akapiga, pigo baya, la kuchota, mpira ukapita juu ya besi ya pili na kuangukia nyasi ambako hakukuwa na mtu. Mmoja wa wale wa kwenye besi akaingia nyumbani, pointi. Wa pili akaingia kwa kujitupa. Orlick mbili, Dunmarrow moja, na mchezo ukaishia hapo.

Niliandika kama inavyotakiwa: Wasylenko, pigo safi, wawili wameingia. Mwandiko umepinda, na sikuufuta.

Upande wetu kofia zikavuliwa moja moja. Kisha nikamsikia Murray akimweleza mgeni mmoja kutoka mkoa wa mbali wa Nova Scotia, kofia kifuani: "Huyo kijana ni wetu, unajua. Tumemlea sisi wenyewe." Nilitaka kumpiga na kiti.

Timu zikapanga mistari miwili kupeana mikono, kama ilivyo ada. Nilikuwa karibu na wavu, nikasikia yote. Ryker alipofika kwa Kolby alisimama, mstari mzima ukasimama nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulijuaje ni wa polepole?"

"Unafuta kiganja pajani mara mbili. Tangu una miaka kumi na tano."

"Mbona hakuna mtu mwingine aliyewahi kuona?"

"Kwa sababu ukianza tu kufuta, nilikuwa nampigia domo mpigaji. Namuuliza habari za mama yake, za viatu vyake, chochote, ili asikutazame."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Ryker akatazama kiganja chake. "Ungeniambia, Kolby. Ningeacha."

"Ningekuambia," Kolby akasema. "Siku ile kwenye mabenchi nilikuwa nangoja wewe uanze kusema."

Akampa mkono, akasogea kwa aliyefuata.