Skonzi ya Sahani ya Shemeji

Siku mke wangu aliponiwekea mezani bakuli la nafaka za boksi, nilijua kuna jambo. Tangu tuoane, asubuhi yangu ni chai na skonzi za mdalasini zilizotoka ovenini sasa hivi. Vitu vya boksi vilikuwa vya watoto, na watoto wetu sasa wana nyumba zao.

"Hii nini?" nikauliza.

"Konfleksi. Onja."

"Skonzi zimekwenda wapi?"

"Zipo. Onja hii kwanza, Baba, uniambie ikoje."

Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini. Mke wangu hajawahi kuniuliza chakula kikoje. Yeye huweka, mimi hula, sahani huoshwa. Leo anataka maoni?

Nikaonja. Ikavunjika, ikalowa, ikashuka.

"Inalia kama changarawe," nikasema.

"Ladha yake?"

"Tamu."

"Tamu ya nini?"

"Tamu ya tamu. Kwani ziko ngapi?"

Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Huyu shemeji yangu alikuwa mpishi wa bweni la wanafunzi. Aliacha kazi, akaja kupumzika kwetu, lakini mdomo wake haukuja kupumzika. Siku hiyo hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakingoja. Mwanamke mwenye mdomo akinyamaza, ogopa.

Niseme na kazi yangu, maana mambo yote yanaishia huko. Mimi ni fundi wa gesi. Nafunga mabomba na majiko katika mahoteli, hospitali na nyumba za watu. Shule niliiacha mapema na vyeti sina, ila kazini wananiita Pua, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Gesi hutiwa harufu kusudi ikivuja watu waisikie, na mimi huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikipita kwenye kiungio cha bomba nikainama nikanusa, nikasema safi, tunawasha.

Mwenzangu anaitwa Sabuni kwa sababu hatembei bila chupa yake ya povu. Akiwa peke yake, kila nati huipaka povu, akachuchumaa kungoja kama litafura kwa gesi inayovuja. Nikiwa naye, huiacha chupa mfukoni, kwa heshima.

"Unayaogesha mabomba," humwambia. "Unayapeleka harusini?"

"Cheka tu, mzee. Sabuni haipati mafua."

Wiki hiyo tulikuwa tunamalizia jiko la shule ya chekechea. Mitungi ilikaa nje, bomba la shaba likapita ukutani, na majiko makubwa yakapangwa ndani. Ng'ambo ya ukuta huohuo ni darasa la wadogo kabisa, wale ambao bado wanavaa viatu kinyumenyume. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuwasha, na neno la mwisho lilikuwa langu.

Sasa nirudi nyumbani. Maneno kati yangu na mke wangu hayakuanza na boksi. Mtaa mzima ulikuwa umepitiwa na mafua, nami nikalala, nikainuka, nikarudi kazini. Tangu hapo skonzi zake zikapooza. Nilimwambia wazi, mimi sina kona.

"Mama, umebania mdalasini."

"Sijabania."

"Basi hamira imechacha."

"Hamira ikichacha skonzi zinaumuka hivi?" Akaipasua moja mbele yangu, imefura kama shavu la mtoto. Kisha akanitazama. "Hivi mafua yako yameisha kweli?"

"Yameisha zamani. Usinihamishe kwenye mdalasini."

Akanipangia skonzi kwenye kikopo cha kazini. Lakini huko kazini, nilipofungua kikopo changu cha chakula, Sabuni akatia mkono bila kuomba, kama kawaida yake, akatafuna na macho yakamtoka.

"Mkeo leo ameua! Mdalasini mpaka unaingia masikioni!"

Nikamwangalia. Skonzi aliyokula ilitoka kwenye kikopo kilekile nilichokula mimi. Yangu ilikuwa laini, tamu, basi. Nikafikiri vizuri, nikaona: yeye alichukua ya chini, mimi nilikula ya juu. Kumbe zinapangwa! Kesho yake nikala ya chini. Hamna kitu. Sabuni akala ya juu, akalamba vidole. Nikajua wameshabadilisha mpango.

Maboksi nayo yakawa yanaongezeka. Likaja la pumba, kama unatafuna vumbi la mbao. Likaja la vidonge vya chokoleti, la vipete vya asali, na la matunda makavu yanayong'ang'ania menoni. Yakajipanga juu ya kabati kama mashahidi mahakamani. Shemeji naye akaingia jikoni kwa nguvu zote. Akakausha shayiri ovenini kwa asali na karanga, akaoka biskuti za tangawizi, akaoka mkate wa ndizi na mkate wa limau.

"Fumba macho, shemeji," akaniambia asubuhi moja, ameshika kipande.

"Nifumbe macho kwa nini?"

"Fumba tu. Unaogopa mkate?"

"Naogopa mshika mkate."

"Baba, fumba," mke wangu akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo. Nikafumba moja na nusu. Kipande kikaingia kinywani.

"Ndizi," nikasema.

Nikafumbua. Juu ya meza palikuwa na mkate wa limau, maganda ya limau yamekwanguliwa pembeni. Mke wangu alikuwa amegeuka, anafuta meza iliyokuwa safi.

"Mmenichanganya makusudi," nikasema.

"Ndiyo," akasema, bila kugeuka.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nikaanza kuwachunguza. Nilidhani kwanza wanataka kufungua biashara, na mimi ndiye panya wao wa kujaribia. Lakini mfanyabiashara hufurahi ukisema tamu, hawa walikuwa wanahuzunika. Ndipo nikaanza kufikiri mambo ambayo mtu mzima anaona haya kuyataja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa na nguo mbili jikoni, dada na mdogo wake.

Alhamisi tulimaliza mapema. Nikapita nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la jikoni. Oveni ilikuwa inawaka, naona mvuke kwenye kioo. Nikasikia sauti ya shemeji.

"Kesho tumtilie nyingi. Kichwa kizima. Asiposikia hiyo, basi tena."

"Na akigundua?" mke wangu akauliza.

"Akigundua si ndiyo heri, dada? Wewe omba agundue."

"Naona vibaya kumfanyia hivi mtu na nyumba yake."

"Utaona vibaya zaidi wakija kukuita."

Kichwa kizima cha nini? Wamwitie nini, maiti yangu? Niliingia kwa mlango wa mbele nikapiga chafya ya uongo ili wajue nimefika. Chakula cha jioni nilisema nimeshiba. Mke wangu akanigusa paji la uso kama mtu anayempenda mumewe, na hiyo ikanitisha kuliko yote.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimeshapanga. Mezani zilikuwa sahani tatu, skonzi moja kila sahani, zote zimeiva rangi moja. Ya kwangu iliwekwa mbele yangu kwa mikono miwili, kama zawadi. Nikangoja. Mke wangu alipogeuka kuchukua birika, na shemeji alipoinama kuokota kijiko nilichokiangusha mimi mwenyewe, nikabadilisha. Yangu ikaenda kwa shemeji, ya shemeji ikaja kwangu. Nikakaa kama mtu mwema.

"Bismillah," akasema shemeji, huku ananitazama mimi, si sahani yake. Akang'ata.

Nikang'ata na mimi. Nikatafuna polepole. Laini, moto, tamu. Hamna kitu. Nikagonga meza.

"Mnaona sasa? Nimewakamata! Hii ni ya shemeji, nimeibadilisha. Na hii nayo ni ileile, haina mdalasini wala mkwewe! Mnabania hata..."

Sikumaliza. Shemeji alikuwa amesimama, mkono mdomoni, macho yamejaa maji. Akakimbilia sinki akatema.

"Mama yangu! Kitunguu saumu! Dada, nimekula kitunguu saumu na sukari!"

"Ipi umekula?" Mke wangu akaweka birika chini.

"Yake! Amenibadilishia, huyu mume wako! Nakufa mimi!"

Mke wangu akaivuta ile skonzi iliyong'atwa, akaipasua. Ndani vipande vyeupe vya kitunguu saumu vimejaa kama mchele. Akanisogezea.

"Kula."

"Nile kitunguu saumu?"

"Kula, Baba. Usiangalie. Kula."

Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa sababu hakupaza sauti. Nikatia kipande kinywani. Kilikuwa laini. Kilikuwa na moto. Kilikuwa kitamu, utamu wa sukari. Nikatafuta kitunguu kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wenyewe. Nikainua nusu ya pili puani, nikavuta hewa mpaka kifua kikajaa. Hewa ikaingia. Ilikuwa hewa tu.

"Na ile uliyokula kwanza," mke wangu akasema, "ina mdalasini mara mbili ya kawaida. Nyumba nzima inanukia mdalasini tangu alfajiri. Jirani ameshapita kuuliza kuna sherehe gani."

"Ni mafua tu," nikasema. "Yatatoka."

"Pengine yatatoka. Mimi siyaulizi yatatoka lini. Nauliza leo unakwenda wapi."

Nikautazama mlango.

"Nilikuuliza vizuri ukanifokea. Ningekwambia pua yako imelala ungesema nina wivu na jina lako. Nikasema basi, ajionee kwa mdomo wake mwenyewe. Nimekununulia kila boksi lililoko dukani ili upate moja tu, moja, useme hii ni ya asali, hii ni ya chokoleti. Ningefurahi nikaonekana mjinga."

Shemeji akarudi anajipangusa midomo. "Mimi niliomba ugundue, shemeji. Wallahi niliomba. Sasa nimegundua mimi."

Nikachukua kikopo changu nikatoka. Sikuaga. Njiani nilinusa kila kitu: moshi wa lori, jalala, mfuko wa kahawa dukani. Nilisimama mbele ya jalala mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Shuleni Sabuni alikuwa ameshafungua mitungi, gesi imo bombani, bado hatujawasha. Mpishi alikuwa mlangoni na aproni mpya. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wanaimba, kila mmoja wimbo wake.

"Haya, Pua," Sabuni akasema. "Tupe neno."

Nikapita kwenye viungio, kimoja kimoja, kama nilivyozoea. Nikainama nyuma ya jiko la mwisho, kwenye nati iliyo karibu na ukuta wa darasa. Nikanusa. Safi. Hewa ya mlimani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea njia.

"Lete sabuni," nikasema.

Sabuni akacheka. "Unataka kunawa?"

"Lete chupa yako, bwana!"

Akaleta, cheko limemkauka. Nikapaka nati zote kwa mkono wangu. Zote zikatulia. Nilipofika ile ya ukutani, povu likatulia kidogo, kisha likainua kichwa. Kipovu kimoja kikafura, kikawa kikubwa kama kidonge cha nafaka ya chokoleti, kikapasuka. Kikaja kingine.

"Funga mtungi," nikamwambia. "Mama mpishi, toka nje, na usiguse swichi yoyote."

Sabuni alikimbia akafunga, akarudi, akachuchumaa karibu yangu. Alikunja pua.

"Nilikuwa nahisi kama panatoa harufu hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Nikasema, Pua ameinusa nati hii na hakusema inavuja. Nikajua ni mawazo yangu."

Hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko povu lenyewe. Tukafungua madirisha yote tukangoja. Nikaivua ile nati, nikaisafisha, nikaikaza upya. Tukafungua mtungi, nikapaka povu tena. Likalala. Nikangoja mpaka likakauka, kisha nikapaka mara nyingine. Ndipo tukawasha.

Mchana tukakaa kwenye benchi la nje, nikafungua kikopo. Sabuni hakutia mkono. Nikampa mimi.

"Kula, uniambie ina nini."

"Mdalasini," akasema, mdomo umejaa.

"Na nini?"

Akatafuna polepole, anafikiri. "Iliki. Kidogo."

"Endelea."

"Na ganda la chungwa, nadhani. Mbona unaniuliza, si mkeo ndiye aliyeoka?"

Kwa mdomo wangu nisingejua. Nilimkazia macho usoni, nione kama ananidanganya.