Uchafu Uliofika Juani

Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku ile ya Juni mwaka 2004 nusura uniharibie jambo ambalo hakuna mtu hai duniani aliyekuwa amewahi kuliona.

Fundi Hardeep, Singasinga wa Majengo, Moshi, anayetengeneza miwani, alipanda mpaka shuleni kwetu Mwika na darubini aliyoiunda mwenyewe kwa bomba la maji na vioo alivyovisugua kwa mkono miaka miwili. Alisema leo sayari ya Zuhura itapita mbele ya jua. Wenzake wa nchi nyingine walikuwa wanatazama pia. Kila mmoja angeandika saa hasa ya Zuhura kutoka usoni mwa jua, kisha wangelinganisha saa hizo na kupata umbali wa jua.

"Nikiikosa saa hiyo, Mwalimu, nimekuja bure," aliniambia.

Asubuhi nzima wingu lililala juu ya migomba. Fundi alipowaeleza wazazi watakachokiona, mimi mwalimu mkuu nilikuwa jikoni nawafokea wapishi wa chai. Saa saba na nusu jua likatoka, watu wakapiga vigelegele! Fundi akaielekeza darubini, na picha ya jua ikaangukia shuka jeupe alilolitundika, duara kubwa kama sinia. Karibu na ukingo wake, kidoa cheusi.

Nikalifuta shuka kwa kanga yangu. Kidoa kipo. Nikamwambia fundi afute vioo vyake.

"Vioo ni safi, Mwalimu, hicho ndicho..."

Nikamkatiza. Zuhura namjua! Ndiye ile nyota inayowaka alfajiri tukienda kukata majani ya ng'ombe, hana weusi hata chembe.

"Fundi mzima, umetuweka hapa tangu asubuhi utuoneshe uchafu? Nenda zako na bomba lako!"

Jamani, mbele ya wazazi wote. Hardeep aliinamia darubini yake. Alianza kufungua skrubu moja moja, akizitia mfukoni.

Mama mkwe wangu, Bibi Elinipendo, alikuwa kwenye benchi na kile kioo cheusi cha wachomelea vyuma, alichopewa na fundi alitazamie jua. Akaniita bila kukishusha.

"Mama Brenda. Huo uchafu wako umefika mpaka juani."

Nikakinyakua. Mae! Kidoa kile kile, ukingoni mwa jua lenyewe, wala darubini haikuwa mbele yangu.

Nilikimbia kwenye uzio, nikachuma jani la isale, nikampelekea fundi kwa mikono miwili. Kwetu Wachaga ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa ni mwiko. Hardeep kazaliwa Moshi, na baba yake vilevile, analijua hilo vizuri. Alilitazama lile jani, akanitazama mimi, akalichomeka kwenye kilemba chake.

"Nimepokea. Lakini saa nane hii hapa, na skrubu zote ziko mfukoni."

Nilishika bomba, yeye akakaza, Bibi akatuharakisha sote wawili. Jua liliporudi kwenye shuka, Zuhura alikuwa ameanza kutoka.

"Mtu mmoja hawezi kutazama shuka na saa kwa pamoja," fundi alisema. "Mimi nasoma saa. Wewe tazama, na akiisha kabisa piga kelele. Huo mdomo ndio ninaouhitaji."

Sikupepesa macho. Kidoa kikawa nusu, kikawa ukucha, kikawa mkwaruzo tu.

"SASA!"

Ng'ombe wa jirani alikata kamba. Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega, na fundi akaandika saa, dakika, sekunde. Nikachungulia daftari lake. Penye mtazamaji alikuwa ameandika jina langu: Mwalimu Eunike, Mwika.

"Fundi, darubini ni yako! Andika jina lako!"

Akagusa jani kilembani.

"Nimeshapokea isale, Mwalimu. Leo siruhusiwi kugombana na wewe."

Nikalia kwa furaha, mbele ya wazazi wale wale.