Mkwe Wangu Alitaja Titi Langu

Hebu niambieni: mkwe wa kiume na titi la mama mkwe wake, wapi na wapi?

Kwetu Chekalini mkwe hakai karibu na mama mkwe, wala hamwangalii usoni. Na Jairus, mume wa binti yangu Christine, ana adabu zake. Christine alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo ni Jairus aliyenipeleka hospitali Kakamega mjini. Tulikaa kwenye benchi kila mtu akitazama upande wake. Nilikuwa nimekonda vibaya. Matonge mawili ya obusuma, ugali wetu, nimeshiba, halafu natapika. Majirani walisema ni vidonda vya tumbo.

Daktari Jepkoech alinimezesha kamera, mpira mrefu mweusi wenye taa mbele. Heri kuzaa! Alipomaliza, alituita sote wawili ofisini.

"Tumbo limekakamaa," akasema. "Nimetoa vipande vya kupima, lakini naona ni kama saratani. Mama Navalayo, umewahi kuugua saratani nyingine?"

"Hapana," nikajibu upesi.

Ulikuwa uongo. Titi langu la kushoto lilikatwa miaka mingi iliyopita, na watu niliwaambia ni jipu. Sasa ningesemaje mbele ya mkwe? Kumwambia atoke ni kumwambia kuna kitu. Halafu titi lilishakatwa likaisha, litafikaje tumboni?

"Basi kama imeanzia tumboni," daktari akasema, "huenda tukalazimika kulitoa tumbo lote."

Jairus akainuka, akatupa mgongo, akaugeukia ukuta.

"Daktari, mama alikatwa titi," akauambia ukuta. "Ilikuwa saratani."

Woi! Nilitamani ardhi inimeze. "Mkwe! Huna haya? Nani alikuambia?" Christine, nani mwingine! Mdomo wa binti yangu hauna mlango.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, saratani ya titi inaweza kulala miaka, kisha ikaamkia tumboni. Kwa kamera zinafanana. Maabara wasipoambiwa, hawataitafuta. Ningekupasua bure."

Majibu yalipotoka, ilikuwa ile ile ya titi. Sipasuliwi. Nimepewa vidonge, na daktari hakunificha: haitapona, itapunguzwa mwendo tu. Naogopa. Kila nikimeza uji natulia kwanza, nasikiliza kama utapita.

Kwetu kosa kama lile huoshwa kwa kuku. Jairus alileta jogoo mnene, akamweka mlangoni, akatazama kando.

"Mrudishe," nikamwambia. "Jogoo ni wa kuchinjwa leo, na nyama hainipiti. Niletee tembe anayekaribia kutaga. Nataka kuona vifaranga wake."

"Sawa, mama."

Alikuwa ameshafika kwenye ua nilipomwita.

"Jairus! Siku ya kliniki utaingia na mimi kwa daktari."

Akasita. "Ndani, mama?"

"Ndani. Nikiona haya kusema, wewe uambie ukuta."