Gauni la Safari la Apondi

Kwa kushona, Khavere alikuwa fundi kwelikweli. Kwa kusikiliza, hapana. Ukimrudishia nguo pale kibandani kwake mtaa wa Tena, Nairobi, ukalalamika inabana, alikuangalia juu hadi chini akakuambia nguo haina shida, ni wewe umenona. Ulimi hauna mfupa, na wateja wana miguu. Walicheka kwa aibu, wakahamia kwa fundi mpya wa mtaa wa Umoja. Sasa cherehani ilishinda imefunikwa, na mwenye kibanda alikuwa ameanza kukionyesha kwa wapangaji wengine.

Jumanne alikuja Mzee Sylvance, karani mstaafu wa reli, amebeba gauni la kijani. Khavere alikuwa amemshonea mke wa mzee kwa kufuata kipimo cha gauni lake la zamani.

"Fundi, imekataa kuingia. Unajua mikono yake ime..."

"Mzee, nilifuata kipimo ulichoniletea. Mwambie mama apunguze chapati."

Mzee alilikunja gauni polepole, akaenda zake. Khavere hakuona haya hata kidogo.

Kesho yake, saa sita mchana, aliingia mwanamke amevaa gauni lile lile. Hakubisha hodi. Mikono yake ilikuwa imevimba na kitambaa kilimkaza kwapani.

"Inanibana hapa," akasema, "na hapa kifuani."

Khavere alikuwa na jibu lake tayari. "Mama, pengine umenona."

"Mimi siwezi kunona tena."

Aliyasema bila hasira, na Khavere akaacha ubishi. Akachukua futi yake ya kupimia. Ngozi ya mama yule ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Kila alipopima, mwanamke alimweleza panapomkera, naye akaandika, mpaka akagundua kwamba ana miaka hajamsikiliza mteja hadi mwisho.

"Nilijinunulia mita tano kabla nishikwe na ugonjwa," mwanamke akasema. "Kitambaa kilibaki."

Kweli kilibaki. Khavere alikuwa amekificha chini ya meza ili ashone sketi za kuuza, na ndiyo sababu alilikata lile gauni sawasawa na kipimo, bila kuacha nafasi.

"Nashona nyingine leo, mama. Kesho itakuwa tayari."

"Mpatie mume wangu, baba Lorraine. Ijumaa nasafiri."

Aligeuka kutoka, na Khavere akauona mgongo. Gauni lilikuwa limepasuliwa kwa makasi kutoka shingoni hadi kwenye pindo, likafungwa kwa kamba tatu. Khavere alishamzika mama yake. Alijua ni mochari tu, maiti wanapovishwa, ambako nguo ikikataa kuingia hukatwa namna ile. Alipopata nguvu ya kuchungulia nje, njia ilikuwa tupu.

Aliogopa. Hata hivyo aliketi akashona, na kile kitambaa cha wizi akakitumia chote.

Alhamisi asubuhi alilipeleka gauni jipya. Nje ya nyumba ya mzee palikuwa na turubai na viti vya plastiki, na mezani picha ya Apondi, mke wake, akitabasamu. Uso ulikuwa ule ule wa mwanamke wa jana.

Mzee alilikunjua gauni, akaishika mikono ya gauni iliyoshonwa mipana. "Nani alikuambia alikuwa amevimba?"

"Ni wewe, Mzee, juzi. Mimi ndiye sikusikia." Khavere akalia pale pale mbele za watu. "Nisamehe."

Ijumaa Apondi alisafirishwa kwao Siaya kuzikwa, amevaa gauni ambalo halikukatwa mgongoni.

Jumatatu, saa sita mchana, kelele za njiani zilififia ghafla. Khavere akainua kichwa. Mlangoni walisimama watu watatu asiowajua, mzee mmoja wa suti na akina mama wawili, na kila mmoja alikuwa ameshika nguo yake kwa nyuma isifunguke.

"Apondi ametuambia siku hizi unasikiliza," mzee wa suti akasema.

Khavere akaifunua cherehani, akaitafuta futi.

"Karibuni," akasema. "Nianze na nani? Inabana wapi?"